Chang'aa Iliyoenda Shule

Desemba iliyopita binamu yangu alifika Malinya kutoka Ufaransa akiwa na chupa ya ramu. Watu wetu wa ng'ambo tumewazoea kwa chokoleti, manukato, na viatu visivyomtosha mtu yeyote. Hii ilikuwa ramu ya Martinique, kisiwa cha Karibi kilicho chini ya Ufaransa, iliyotengenezwa kwa juisi ya miwa mibichi na kulazwa miaka kadhaa ndani ya mapipa ya mwaloni. Nilichungulia bei kwa simu: zaidi ya shilingi 9,000. Nikanyamaza, maana wiki hiyo boma letu lilikuwa na deni la unga dukani.

Tuliketi chini ya mparachichi baada ya chakula cha mchana. Glasi zilikuwa mbili tu, kwa hivyo sisi wengine tulipata vikombe vya chai. Binamu akatuambia tusinywe haraka, tunuse kwanza. Nikanusa. Kitu cha kwanza kilikuwa muwa wenyewe, ile harufu mbichi ya majani na udongo inayokupata unapopasua ganda kwa meno. Baadaye ikaja ndizi iliyoiva hadi ikawa nyeusi, vanila, mbao, na moshi wa mbali. Mdomoni ilikuwa laini kuliko nilivyotarajia. Iliteremka polepole, ikaacha joto kifuani, na dakika nzima baadaye bado nilikuwa naisikia nyuma ya ulimi.

Baba mdogo hakunusa. Alimeza yake kwa funda moja, akafumba macho, kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyekutana na jirani yake katika mji wa mbali: "Hii ni chang'aa. Ni vile tu imeenda shule."

Tulicheka hadi kuku wakatawanyika. Asiyecheka ni kukhu, bibi yetu, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda chake mlangoni pa jikoni akichambua maharagwe. Kwa karibu miaka 20 kukhu alikuwa mama pima. Alipika chang'aa na kuiuza kwa kipimo, na ndiyo iliyowasomesha wanawe, baba yangu akiwemo.

Neno la baba mdogo lilinikaa kichwani siku nzima. Kama hii ni chang'aa, na ile ya kukhu ilikuwa chang'aa, shule yenyewe ni nini? Kwa nini moja inanuswa kwa heshima na nyingine ilimwagwa na askari kwenye mtaro?

Tuanze na upishi, maana hapo baba mdogo hakuwa anatania. Malinya si nchi ya miwa kama Mumias au Kabras. Huku Ikolomani mashamba ni madogo: mahindi, maharagwe, migomba, chai kidogo, na miwa michache ya kutafuna karibu na mto. Lakini sukari nguru ilitufikia kwa baiskeli kutoka upande wa magharibi. Nguru ni juisi ya miwa iliyochemshwa mpaka ikawa nzito, ikamiminwa na kugandishwa. Kilichotolewa ni maji tu. Kukhu aliiyeyusha kwa maji ya vuguvugu, akaongeza kimera, akaiacha siku kadhaa ichache iwe kang'ara. Halafu akaichemsha kwenye pipa, mvuke ukapita kwenye mrija uliopozwa kwa maji baridi, na upande wa pili likadondoka tone baada ya tone.

Sasa, ramu nyingi duniani hupikwa kwa molasi, yale masalio meusi yanayobaki kiwanda kikishatoa sukari yake. Ya Martinique ni tofauti kwa sababu inaanzia kwenye juisi yenyewe. Na nguru ni juisi iliyopoteza maji tu. Ukipima kwa malighafi, pombe ya kukhu ilikuwa ndugu wa karibu wa chupa ya binamu kuliko ramu nyingi zilizopangwa kwenye supamaketi za Nairobi.

Hata asili zao zinafanana. Katika karne ya 19 Ulaya ilianza kutoa sukari nyingi kutokana na kiazisukari, bei ya sukari ya miwa ikaporomoka, na wenye mashamba ya Martinique wakajikuta na miwa isiyo na soko la maana. Wengi wakaacha kutengeneza sukari, wakaanza kugeuza juisi moja kwa moja kuwa ramu. Yaani kinywaji hiki cha watu wa kunusa kilianza kama jibu la swali ambalo kila mtu wa Kakamega analijua: nitafanya nini na miwa ambayo hainunuliwi? Kampuni ya sukari ya Mumias iliundwa mwaka 1971, ikaanza kusaga mwaka 1973, na kwa miaka mingi ikawa kubwa kuliko zote nchini. Mwaka 2019 iliwekwa mikononi mwa mrasimu. Mabonde mazima yalibaki na swali lilelile la Martinique.

Tofauti ilikuja kwenye majibu. Mwaka 1996 sheria ya Ufaransa iliipa ramu ya Martinique jina linalolindwa, jinsi inavyolinda mvinyo wake. Ilitaja mashamba, namna ya kupika, na hata umri: ili iitwe ya zamani, lazima ilale kwenye mwaloni kwa angalau miaka mitatu. Kwetu sheria ilikuja na rungu. Chang'aa ilipigwa marufuku kwa sheria yake maalum ya mwaka 1980, na ikabaki haramu hadi sheria mpya ya vileo ya 2010 iliporuhusu itengenezwe, mradi ifikie viwango na iuzwe kwenye chupa za glasi. Kwenye karatasi ni jambo zuri. Lakini mama mwenye pipa moja na mrija mmoja hageuki kampuni kwa sababu kifungu kimebadilishwa Nairobi.

Hapo ndipo nilipoanza kuielewa ile shule. Kulaza pombe miaka mitatu kunataka pipa, ghala lenye kufuli, hati ya ardhi, na pesa za kula wakati ungali hujauza hata tone. Kunataka pia moyo wa kukubali hasara, maana kila mwaka sehemu ya pombe hupenya kwenye mbao na kupotea hewani. Wapishi wa vileo huiita fungu la malaika. Scotland, kwenye baridi, malaika huchukua kama asilimia 2 kwa mwaka. Kwenye joto la Karibi huchukua zaidi ya hapo. Tajiri anaweza kuwalisha malaika. Kukhu alipika usiku, akauza alfajiri, na kufikia saa sita pesa zilikuwa kwa karani wa shule. Lita iliyolala nyumbani mwake haikuwa akiba, ilikuwa ushahidi.

Kwa hivyo nilipoisifu ramu ya binamu kwa ulaini wake, nilikuwa nasifu nini? Ule ulaini ni ladha ya mtu ambaye mlango wake haugongwi usiku.

Najua jibu ambalo wengi wetu wa mjini tumelizoea: watu wa kijijini hawana subira, wanataka pesa za leo. Mtu anayesema hivyo hajawahi kuishi Malinya. Hapa fahali analelewa miaka, anakatiwa nyasi, anatembezwa, anasugua pembe kwenye kichuguu, yote kwa ajili ya asubuhi moja uwanjani ambayo huenda ikaisha kwa dakika kumi. Ukienda kwa wakulima wa miwa, subira yao inashangaza zaidi. Muwa wa magharibi ya Kenya huchukua miezi 18 hadi 24 kukomaa. Mume wa shangazi yangu aliulinda wake muda huo wote, ukakatwa, ukakaa kando ya barabara siku sita ukingoja lori, na sukari yake ikipungua kila siku, kwa sababu muwa uliokatwa hauna muda. Baada ya hapo akangoja malipo. Alipoanza kungoja binti yake alikuwa darasa la tano. Alipolipwa, nusu, binti alikuwa ameingia sekondari kwa mkopo wa chama.

Tumefundishwa kwamba subira huvuta heri na kwamba mvumilivu hula mbivu. Methali hizo hazituambii kwamba kuna kungoja kunakokuongezea na kungoja kunakokupunguzia. Pombe kwenye mwaloni inaongezeka thamani inapolala. Muwa kando ya barabara unapungua unapolala. Watu wawili wanaweza kuwa na subira ileile, mmoja akaitwa fundi na mwingine akaitwa maskini. Ladha ya umri, basi, si tuzo ya tabia njema. Ni tuzo ya kuwa upande unaofaa wa muda.

Sitaki pia kuipaka chang'aa rangi. Novemba 2000, pombe haramu iliua zaidi ya watu 100 katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, na wengine wakapofuka. Vifo vya namna hiyo aghalabu hutokana na methanoli ya viwandani inayochanganywa na watu wanaotaka faida ya haraka, si nguru na kimera. Lakini anayekufa haulizi. Mtu anayesema serikali haina haki ya kuingilia kinywaji hajawahi kumwongoza kipofu wa miaka 30 hadi chooni. Nilichokuwa nikikataa ni ile heshima inayogawanywa kwa bei, ati huyu akilewa ni mpenzi wa vinywaji, na yule akilewa ni tatizo la kitaifa.

Nilijiona nimemaliza. Nilikuwa na hoja, nilikuwa na tarehe, na nilikuwa na kukhu kama ushahidi. Jioni nikamimina kidogo kwenye kikombe, nikampelekea jikoni.

"Kukhu, onja."

"Nilishaacha hayo mambo, wewe unajua."

"Basi nusa tu."

Alifuta mikono kwenye leso, akashika kikombe kwa mikono miwili, akakileta chini ya pua. Akakaa hivyo muda mrefu. Sijawahi kumwona akisikiliza kitu namna ile.

"Miwa," akasema. "Imelala kwenye mti." Akanusa tena. "Na ile ya kwanza waliimwaga. Wamefanya vizuri."

Alikuwa na maana ya matone ya kwanza kutoka kwenye mrija, yale makali yanayoumiza kichwa, ambayo mpishi mwaminifu huyatupa ingawa ni hasara. Binamu alikuwa ametueleza jambo hilohilo mchana akisoma kwenye simu. Kukhu alilijua kwa pua.

Nikafurahi kupita kiasi. Nikamweleza yote: Martinique, sheria, mapipa, malaika. Nikamwambia, "Kazi yako ndiyo hii hii, kukhu. Wao wanapewa medali, wewe ulipewa rungu. Huna sababu ya kuona aibu."

Akanirudishia kikombe.

"Unataka kunisafisha?"

"Nakwambia ukweli."

"Huo ni ukweli. Na kuna mwingine." Akaelekeza kidevu upande wa ua, kule ambako paa la jirani lilionekana nyuma ya migomba. Akaniambia habari ambayo sikuwa nimeisikia. Nyumba ile kulikuwa na fundi wa mbao, mtu wa mikono mizuri. Alikuwa anapitia kwake asubuhi kabla ya kazi. Baadaye akawa anapitia badala ya kazi. Siku moja mkewe alikuja na mtoto mgongoni, akasimama palepale niliposimama mimi, akamwomba: mama, usimuuzie tena.

"Nikamwambia sawa, mwanangu. Kesho yake nikamuuzia. Wiki hiyo babako alikuwa amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo."

Nikamuuliza kama fundi alikufa kwa sumu.

"Yangu haikuwa na sumu. Aliisha tu. Mwaka huu kidogo, mwaka ule kidogo." Akarudi kwenye maharagwe yake. "Mama yule tunasalimiana mpaka leo. Hiyo chupa yenu haiwezi kunisaidia kwa hilo. Iwe mbaya, iwe nzuri, haikuwa hapa siku hiyo."

Nilitoka nje na kikombe changu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sikuwa na la kusema.

Nimelifikiria sana tangu wakati huo, na nadhani kosa langu lilikuwa hili. Nilithibitisha kwamba kukhu alihukumiwa kwa upendeleo, kisha nikaruka hadi kusema kwamba hana kosa. Ni mambo mawili. Sheria inaweza kukuonea, na wewe nawe ukamkosea jirani yako, asubuhi ileile, kwa pipa lilelile. Aliyebanwa kutoka juu bado ana mikono inayoweza kumbana aliye kando yake. Vijana wa umri wangu tunajua sana kuzungumzia mifumo, na ni vizuri, kwa sababu mifumo ipo. Lakini wakati mwingine tunaitumia kama sabuni. Tunamwambia mtu "si wewe, ni mfumo" tukidhani tunamheshimu, kumbe tunamnyang'anya sehemu ya maisha yake ambayo aliiamua mwenyewe. Kukhu aliamua. Alikuwa na machaguo mawili mabaya, akachagua moja, na anakataa mtu yeyote amwambie hakuchagua.

Na kusema kweli, si yeye tu niliyetaka kumsafisha. Karo iliyolipwa wiki ile ni ya baba yangu, na shule ya baba yangu ndiyo iliyozaa yangu. Huu ulimi unaojua kusema "vanila" na "moshi wa mbali" ulilipiwa kwa kipimo, shilingi kwa shilingi, na watu walioamka mapema. Baba mdogo alikosea kidogo. Haikuwa chang'aa iliyoenda shule. Ni sisi tulioenda.

Nikaitazama chupa tena kwa macho hayo. Ilikuwa na picha ya nyumba kuukuu yenye miti, hakuna mtu hata mmoja. Utumwa ulikomeshwa Martinique mwaka 1848. Kabla ya hapo, kwa karibu karne mbili, miwa ya kisiwa hicho ilikatwa na watu waliotolewa Afrika kwa nguvu. Sidai kwamba anayekunywa ramu leo ana hatia ya mwaka 1848. Nasema tu kwamba miaka inayolainisha pombe ndani ya pipa hulainisha pia habari zilizo nje ya pipa, na mwishowe kilichokuwa jeraha kinaitwa urithi. Na hata leo, mwenye ghala hajui sura ya anayeiishia chupa yake. Pakiwa na muuzaji, msambazaji, meli na duka katikati, hakuna mama mwenye mtoto mgongoni anayeweza kusimama mlangoni pake. Mama pima hakuwa na umbali huo. Alijua jina la kila aliyekunywa, na jina la mkewe. Pengine hilo ndilo tofauti kubwa kati ya chupa na kipimo, kubwa kuliko mwaloni.

Je, tuache kuonja? Sidhani. Ramu ile ilikuwa nzuri, na uzuri wake haukuwa uongo. Kuna watu wanaojua kazi yao nyuma ya kila funda, kama kukhu alivyokiri kwa pua yake. Ninachokataa ni kuamini kwamba kitu kikiwa laini basi kimekuwa safi. Na ninakataa vilevile kuamini kwamba kitu kikiwa kikali basi mpishi wake hana ufundi wala dhamiri.

Siku mbili baadaye, kesho yake ikiwa Krismasi, kukhu aliniita nimbebee mfuko. Ndani kulikuwa na kilo mbili za sukari, unga, na sabuni ya kipande. Tulipita kwenye ua hadi kwa yule mama. Kumbe hufanya hivyo kila Desemba. Mimi nilidhani ni ujirani wa kawaida. Yule mama alitukaribisha, akauliza habari za Nairobi, akanitolea kiti kizuri cha mbao chenye miguu iliyochongwa. Niliketi juu yake bila kuuliza nani alikitengeneza. Walizungumza kuhusu mvua na bei ya mbolea. Hakuna aliyetaja chang'aa. Tuliporudi kukhu alinishika mkono mahali penye mteremko, nasi tukatembea polepole mpaka nyumbani.